Kwihara kwa miguu, na raba ya wifi

Nimekaa Tabora miaka 19 na Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone (nyumba ya zamani ya udongo, siku hizi makumbusho), nimeshafika mara nne, zote kwa bodaboda. Unakula vumbi dakika chache, unashuka, unapiga picha kwenye ule mlango wa nakshi, unarudi mjini. Jumamosi iliyopita nimekwenda kwa miguu kwa mara ya kwanza. Kumbe siku zote nilikuwa naruka sehemu tamu.

Aliyenichokoza ni wifi yangu wa Dar, kaja wiki moja na anataka "mazoezi". Ni kama kilomita 6 kusini-magharibi mwa mji, hakuna mlima wa kumtoa mtu roho. Kuna mchanga tu, ule wa Tabora unaomeza kiatu na kukurudisha nyuma nusu hatua. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Msichelewe zaidi ya hapo: saa nne jua la mwisho wa Septemba halina undugu na mtu.

Msitegemee msitu mnene. Ni mashamba yaliyovunwa, miembe mikubwa, vichuguu vilivyotuzidi kimo, na katikati yake miombo iliyosalimika. Hiyo miombo ndiyo ya kwenda kuangalia sasa hivi. Mvua bado, nyasi zimekauka mpaka zinalia chini ya mguu, lakini miti yenyewe imeshachipua, na majani yake machanga huanza na rangi nyekundu, kama chai ya rangi ukiishika juani, ndipo yageuke kijani. Wifi aliniuliza ni ugonjwa gani umeishika. Juu ya mti mmoja ulining'inia mzinga wa gome, na nyuki walikuwa kazini, kwa hiyo tulipita kwa adabu.

Njiani hamtakuwa peke yenu. Asubuhi ndiyo saa ya baiskeli za mkaa kuingia mjini, magunia matatu yamefungwa nyuma na mwenyewe anasukuma kwa kifua. Ukisikia kengele, pisha. Yeye hawezi kusimama na kuanza tena kirahisi. Salimia "mwangaluka", utajibiwa vizuri.

Sasa raba. Wifi alikuwa amenunua raba mpya jana yake, kibanda sikitaji, muuzaji akaapa kwa mama yake mzazi kwamba ni ngumu. Nusu ya safari soli ya kulia ikaachama kama mdomo wa kambale. Alijaribu kutembea akiinua mguu juu, mimi nikashindwa kuzuia kicheko, akanuna. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yake akatukuta hapo.

"Kaa hapo kwenye kichuguu, mama," akamwambia.

Akakata tawi la myombo, nene kama kidole gumba, akalichana gome kwa meno na kisu, akabandua ganda la nje akabaki na utepe mlaini wa ndani, wenye unyevu. Akausokota kwenye paja mara tatu nne, akazungusha kiatu chini na juu, fundo akaliweka ubavuni ili wifi asilikanyage. Haikuchukua dakika tano. Tulipotaka kumpa kitu akakataa, akachukua matobolwa mawili tuliyobeba (viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha), akaendelea na safari yake huku anatafuna.

Kamba ile ilifika Kwihara. Ilirudi pia.

Kwenye tembe lenyewe vitu si vingi: nakala za barua, ramani, na ubaridi wa kuta nene ambao baada ya ule mchanga utaushukuru kuliko ramani. Livingstone na Stanley walikaa hapa pamoja mwanzoni mwa 1872. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki miezi mitano akingoja wapagazi atakaoletewa, akaondoka tarehe 25 Agosti. Mwaka uliofuata Chuma na Susi, watumishi wake, walipita huku Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na maiti yake, wakielekea Bagamoyo. Hayo nilikuwa nayajua tangu shule. Safari hii nikiwa na malengelenge mawili ndipo nilipoyafikiria kwa miguu ya waliokuwa wanatembea. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, mpaka Bahari ya Hindi. Wifi alikuwa na mkoba na chupa ya nusu lita, na mkoba akanibebesha mimi.

Hiyo nusu lita ndiyo kosa letu. Bebeni lita moja na nusu kila mtu, na kofia. Vaeni kiatu mlichokwisha kukizoea. Watoto wa miaka minane na kuendelea wataweza, bibi mwenye magoti mabovu aende kwa boda na kurudi kwa boda, asidanganywe na neno "tambarare". Kurudi sisi tulitembea nusu, nusu tukapanda boda mishikaki, na bei patana kabla hujakaa.

Matembezi haya nayapa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya mchanga.

Jioni tulipeleka raba kwa fundi viatu. Akaikagua ile kamba, akaivuta, akatuuliza kwa nini tunataka gundi.