Jezi ya DELAP 19: maoni ya mteja aliyelipa kwa herufi

Nianze na herufi D, kwa sababu ndiyo iliyonitia hasira kabla ya mengine yote. Jezi, ya timu ya mpira ya Ipswich Town yenye jina DELAP mgongoni, ilikuwa imefuliwa mara tatu tu. Naitoa kwenye mashine, naikung'uta, naona kona ya D imejikunja kama ukurasa wa juzuu ya zamani. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, ikakaa. Siku ya pili ikainuka tena. Kufikia katikati ya Desemba ilikuwa inaning'inia kwa nyuzi za gundi, na kijana mmoja kazini akaanza kuniita Bwana Elap.

Mimi ni dereva wa lori. Nabeba makontena kutoka bandari ya Felixstowe, mashariki mwa Uingereza, na nyumba yangu iko Ipswich, safari fupi kwa barabara ya A14. Kwetu hasa ni Kisauni, Mombasa, kwa hiyo riziki ya bandari naila tangu utotoni. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba jezi hii sikuinunua kama mtalii, nikaiweka kabatini. Niliivaa uwanjani, niliivaa ndani ya lori, niliivaa juu ya sweta siku za upepo mkali, ule unaofanya daraja la Orwell lifungwe na sisi wa malori tuzungushwe mjini kama ngamia wa kinu cha mafuta.

Niliinunua Agosti 2024. Mji mzima ulikuwa umevaa buluu. Ipswich Town ilikuwa imerudi Ligi Kuu ya Uingereza baada ya miaka 22, tena kwa kupanda madaraja mawili katika misimu miwili mfululizo chini ya kocha Kieran McKenna. Wazee wanaokumbuka Kombe la UEFA tulilolibeba 1981 walikuwa wakipiga picha na sanamu za makocha wetu wa zamani, Alf Ramsey na Bobby Robson, nje ya uwanja wetu wa Portman Road kana kwamba zimesimamishwa jana. Jezi yenyewe niliipata tupu, bila jina. Jina nikaenda kubandikisha kwenye duka dogo ambalo sitalitaja. Wenyewe wakisoma watajijua.

Duka lile linatoza kwa herufi. Namba ina bei yake, kisha kila herufi pauni moja na nusu. Nilikuwa nimekwenda na nia ya Omari Hutchinson, kwa sababu ya hilo Omari tu. Asili yake ni ya Jamaika, najua, lakini mtu wa Pwani akisikia Omari anaitwa uwanjani, lazima ageuke. Sasa mgongoni huandikwa jina la ukoo, na Hutchinson ni herufi kumi. Nikahesabu mara mbili. Delap, mshambuliaji aliyekuwa ameletwa mwezi wa Julai kutoka Manchester City, herufi tano. Nikamwambia muuzaji, niandikie Delap. Ndiyo ukweli wenyewe: sikumchagua kwa kipaji, nilimchagua kwa ubahili.

Na kipaji chenyewe wakati ule ningekijulia wapi? Liam Delap alikuwa na miaka 21. Alizaliwa Winchester Februari 2003, akafunzwa mpira Derby County, City wakamchukua akiwa na miaka 16. Kwenye timu yao ya vijana alipachika mabao 24 ya ligi msimu wa 2020/21, kocha wake akiwa Enzo Maresca. Hilo jina liwekeni akilini. Baada ya hapo ikawa mikopo: Stoke, Preston, Hull. Mchezaji wa mkopo ni kama sufuria ya kuazima. Kila jirani anapikia, anairudisha na masizi, na mwenyewe hajawahi kula chakula chake. Hull ndiko alikotulia kidogo, mabao manane ya ligi. Ipswich wakatoa pauni milioni 15, na nyingine tano ziongezwe baadaye kama mambo yakienda sawa.

Jina la mgongoni lilikuwa na wajuzi wake. Kila nikisimama kuongeza mafuta, mzee mmoja hakosi kuniuliza: huyo ni mtoto wa Rory? Rory Delap, baba yake, alichezea Ireland na akapata umaarufu Stoke kwa kurusha mpira. Si kwa kuucheza, kwa kuurusha tu kwa mikono. Mpira ukitoka nje karibu na goli la wapinzani, waokota mipira walimpa taulo, akaukausha taratibu kama mtu anayefuta bilauri za wageni, kisha akautupa mpaka mlangoni mwa goli kama kona. Alipokuwa shuleni alikuwa mrusha mkuki. Mwana hakurithi mikono, alirithi mabega. Ukimwona anavyokimbia, kichwa mbele na beki amemning'inia ubavuni, utadhani hamali wa zamani pale Kilindini anayepita na gunia na hana nafasi ya kusimama kukuamkia.

Kuhusu kitambaa sina neno. Hakijapauka, hakijatoa nyuzi. Kinabana tumboni, lakini tumbo hilo ni langu, sikuuziwa. Nunueni saizi moja zaidi kama mnakaa kwenye kiti cha lori saa tisa kwa siku.

Basi msimu ukaanza, na zile herufi tano zikaanza kulipa. Agosti 31 dhidi ya Fulham, bao lake la kwanza kwetu, sare ya 1-1. Septemba 29 dhidi ya Aston Villa, mawili, sare ya 2-2. Novemba 10 tukaenda kwa Tottenham na tukashinda 2-1, yeye akiwa na moja, na huo ndio ulikuwa ushindi wetu wa kwanza wa Ligi Kuu katika miaka 22. Ndani ya lori nilipiga honi mpaka mwenzangu wa mbele akawasha taa za hatari.

Siku ambayo jezi ilinilipa pesa zangu zote ni Desemba 30. Chelsea walikuja Portman Road. Mpwa wangu wa Kisauni ni Chelsea wa kufa na kuzikana. Kule mechi ilianza saa tano kasorobo usiku, naye alikuwa kwenye banda la mpira na wenzake, mimi nikiwa uwanjani kwa tiketi niliyouziwa na mfanyakazi mwenzangu aliyeshikwa na mafua. D nilikuwa nimeibandika asubuhi ile kwa pasi. Nitaeleza. Dakika ya 12 Delap akaangushwa na kipa, ikawa penalti, akaipiga mwenyewe, ikaingia. Kipindi cha pili mabeki wa Chelsea wakajichanganya, Delap akaunasa mpira, akampa Omari, naye akaukunja kwa mguu wa kushoto. 2-0. Ushindi wetu wa kwanza wa ligi nyumbani msimu ule. Simu ikalia mfukoni. "Mjomba, shikamoo. Huyo mtoto wenu anatutesa bure." Nikamjibu marahaba, na kwamba hata mimi nilikuwa nimemkataa kwanza.

Sasa pasi. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeirudisha jezi dukani. Muuzaji akaigeuza, akainusa karibu, akaniuliza kama nimetumia mashine ya kukaushia. Nikasema hapana, mimi mtu wa Pwani, nguo naanika. Akauliza naanika wapi. Hapo nikakwama, kwa sababu huku Suffolk, mkoa wetu, mwezi wa Novemba hakuna jua la kuanikia hata dagaa, na jezi nilikuwa naitandaza juu ya radieta, kile chuma cha ukutani cha kupasha nyumba joto. "Radieta," akasema, kama polisi aliyepata panga chini ya kitanda. Gundi inalegea kwa joto, kwa hiyo kosa langu, kwa hiyo hakuna kurudishiwa. Ningekubali lawama nusu. Lakini fulana za shule za wanangu zina nembo za kubandika, zimekaa juu ya radieta hiyo hiyo miaka miwili, na hazijawahi kuinua hata kidole. Na wakati wa kununua hakuna aliyenipa hata kipande cha karatasi cha kunieleza jezi ifuliwe vipi.

Kwa hiyo nilijitibu mwenyewe, na nawapa dawa. Geuza jezi ndani nje kila unapofua, maji yasizidi nyuzi joto 30. Herufi ikiinuka, itandaze juu ya taulo, weka juu yake karatasi ile ya kuokea keki, kandamiza kwa pasi ya moto wa wastani kama sekunde kumi na tano, acha ipoe kabisa ndipo uondoe karatasi. Usiteleze pasi, kandamiza. Mimi kwenye D nilifuata maagizo vizuri. Nilipofika kwenye 9 ya ile 19 nikajifanya fundi, nikaondoa karatasi mapema, na tisa ikapata kovu mkiani. Kovu hilo ni langu peke yangu.

Mabao hayakutosha. Aprili 26, 2025, tulipigwa 3-0 Newcastle na tukashuka daraja. Delap alimaliza na mabao 12 ya ligi katika timu ambayo mara nyingi ilimwachia mpira mmoja mrefu na mabeki wawili, akatafute. Na mkataba wake ulikuwa na mlango: timu ikishuka, mwenye pauni milioni 30 anamchukua. Mwanzoni mwa Juni mwenye pauni milioni 30 akatokea, naye ni Chelsea, ambako kocha alikuwa yule yule Maresca wa timu ya vijana. Sikushangaa. Kilichoniuma ni simu. "Mjomba, mtoto wenu sasa wetu." Alfajiri, kabla hata sijapiga mswaki.

Watu wamekuwa wakiniuliza kama si ujinga kubandika jina la mchezaji mwenye mlango kwenye mkataba. Mimi nasema nililipa kwa msimu, na msimu nilipewa. Mbona mtu akienda kwenye harusi haombi arudishiwe kitita kwa kuwa maharusi wamehama mji?

Mpwa wangu akataka nimtumie ya Chelsea, Delap namba 9. Nikamkumbusha kwamba jezi namba 9 pale ina jini. Torres aliivaa, Falcao akaivaa, Morata, Higuaín, Lukaku, Aubameyang, na hakuna aliyeondoka nayo akicheka. Akanicheka mimi. Mwanzo ulikuwa mwema kweli: Kombe la Dunia la Klabu huko Marekani, bao dhidi ya Espérance ya Tunis, na Julai 13 Chelsea wakalibeba kombe kwa kuwafunga PSG 3-0. Kisha Agosti 30, mechi na Fulham, hata robo saa haijatimia, akashika nyuma ya paja na kutoka. Miezi miwili nje. Oktoba 29 akarudi kwenye mechi ya kombe na Wolves, akaingia kama mchezaji wa akiba, na karibu na mwisho akala kadi mbili za njano katika muda wa dakika saba, akatolewa nje. Kocha wake hakumtetea. Novemba 25 akawafunga Barcelona bao la tatu katika 3-0, mpwa wangu akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao maneno yake yanayosikika ni "mjomba" peke yake. Siku kumi na moja baadaye, bega, kule Bournemouth. Bega! Ndilo hasa alilorithi. Mimi jini simwamini, lakini simtumii mtoto wa dada yangu fedha akamnunulie nguo.

Nilichofanya, jirani mmoja wa hapa alipokuwa anasafiri kwenda Mombasa, nilimpa ile ya kwangu. Buluu ni buluu. Nilimwambia mpwa wangu jina ni lile lile, tena yangu ina mabao mengi zaidi. Ilifika Kisauni na D tayari imeanza kuinuka tena, P nayo inaifuata.

Kwa anayetaka alama: jezi yenyewe naipa nyota nne, moja nimekata kwa kuwa kola inakwaruza shingo ukivaa bila kitu ndani. Kazi ya kubandika, nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu namba 1 haijatikisika hata siku moja. Huduma baada ya kuuza, hakuna. Mchezaji mwenyewe nisingemkatia hata nusu kwa msimu ule.

Mpwa wangu aliipeleka kwa fundi mmoja wa cherehani soko la Kongowea. Fundi hakuhangaika na gundi. Alizibandua herufi zote tano, akazipanga kwa chaki, akazishona kwa uzi mweupe kuzunguka kingo, na kovu la tisa akalifunika kwa kipande cha mkono wa shati kuukuu. Shilingi 200. D imelala kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza. Nimetumiwa picha. Kwao inafuliwa kwa mkono, sabuni ya mche, inaanikwa juani kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, na mpaka leo hakuna herufi iliyoinuka.