Riwaya ya mwisho ya Ngũgĩ yenye sahihi: ya Kigikuyu au ya Kiingereza?

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o atutoke 28 Mei 2025 marafiki zangu hapa Mombasa wanaopenda vitabu wananiuliza, ukipata toleo la kwanza la riwaya yake ya mwisho na amelisaini, uchukue Kenda Mũiyũru ya Kigikuyu ama The Perfect Nine, kitabu hichohicho kwa Kiingereza? Mie nachukua Kenda Mũiyũru, tena bila kufikiria mara mbili.

Hiyo ndo iliyotangulia kutoka kati ya hizo mbili, ilitoka Nairobi kwa East African Educational Publishers, na huyu ni mtu aliyeandika riwaya ya Kigikuyu jela Kamiti juu ya karatasi za chooni, sasa sahihi yake ndani ya kitabu cha lugha aliyoipigania maisha yake yote, hebu niambie utailinganisha na nini? Hata kama Kigikuyu hukisomi, ile nakala utaishika kwa heshima.

Ya Kiingereza alitafsiri mwenyewe, ikatoka 2020. Uzuri wake ni kuuzika, wanunuzi wa nje wanaijua, lakini mwaka ule ulikuwa wa korona, kukutana na mwandishi akusainie ilikuwa shida, kwa hivyo uliza kabisa sahihi iko kwenye ukurasa wenyewe ama ni kikaratasi kilichosainiwa kando kikabandikwa, mie cha kubandika sikitaki.

Na yoyote utakayochukua, joto na unyevu wa huku pwani unaujua, usiiegemeze ukutani, karatasi zitaota ukungu na ile wino ndo roho ya kitabu.