Corsair RM850x: pawa saplai kwa kompyuta ya kazi nzito

Kompyuta ninayoitumia hapa Dar es Salaam niliiunda mwenyewe kwa ajili ya kutengeneza picha za majengo ambayo bado yako kwenye michoro ya wasanifu. Ni kazi inayoibana kadi ya picha na prosesa kwa saa nyingi mfululizo. Niliweka prosesa ya Ryzen 9 5950X na kadi ya GeForce RTX 3080, nikatumia fedha nyingi kwenye vitu hivyo viwili, kisha pawa saplai, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kutumiwa na vipuri vya kompyuta, nikaiacha mwisho kabisa, na kwa fedha zilizobaki nikanunua ya bei nafuu, isiyo na jina linalofahamika, ambayo boksi lake liliandikwa wati 1000 kwa herufi kubwa. Muuzaji aliniambia, “Kaka, hii inabeba mzigo wowote.” Haikupita wiki ya pili kompyuta ikaanza kujizima katikati ya kazi bila onyo lolote, na kazi ya saa tano ikapotea.

Fundi niliyempelekea alifungua kasha, akaichomoa pawa saplai, na kabla ya kugusa kitu kingine akasoma lebo iliyobandikwa ubavuni. “Soma hapa, mdogo wangu,” aliniambia, akiweka kidole kwenye safu ya volti 12. Pameandikwa ampea 32. Ukizidisha 12 kwa 32 unapata wati 384, na hizo ndizo wati pekee ambazo kadi ya picha na prosesa zingeweza kuzipata, kwa kuwa vifaa vyote viwili huchota umeme wake karibu wote kwenye njia ya volti 12. Njia za volti 3.3 na volti 5 zina kazi ndogo katika kompyuta za sasa. Tulijumlisha kila kilichoandikwa kwenye lebo ile, na jumla haikukaribia 1000.

Kwa hiyo nilipokwenda kununua mara ya pili nilianzia kwenye lebo. Corsair RM850x, toleo la 2021, inatoa ampea 70.8 kwenye njia ya volti 12, sawa na wati 849.6. Kwa maneno mengine, karibu wati zote 850 zinazotangazwa zinapatikana mahali zinapohitajika, na njia mbili ndogo kwa pamoja zimewekewa kikomo cha wati 150. Uwiano huo kati ya maandishi ya boksi na hesabu ya lebo ndio ulionifanya niiamini, na hadi leo ndicho kitu cha kwanza ninachomwomba muuzaji anionyeshe.

Kuhusu kiasi cha wati, hesabu yangu ilikuwa hivi. RTX 3080 imepangiwa wati 320, na 5950X, ingawa kwa kawaida hutajwa kwa wati 105, huruhusiwa kufika wati 142 inapofanya kazi kwa nguvu zote. Jumla ni wati 462, na ukiongeza ubao mama, kumbukumbu, diski na feni unafika takriban 540. Mtu anaweza kudhani kwamba pawa saplai ya wati 650 ingetosha, lakini kadi za kizazi hiki zina tabia ambayo hesabu hiyo haiionyeshi: kwa muda mfupi sana, unaopimwa kwa sehemu za elfu za sekunde, huchota umeme mwingi kuliko wati zilizopangiwa, na pawa saplai isiyo na nafasi ya ziada huona kwamba imezidiwa, ikajizima ili kujilinda. Nvidia wenyewe wanapendekeza wati 750 kwa RTX 3080, na kwa kuwa prosesa yangu ni kubwa nikapanda hadi 850. Ya wati 1200 sikuihitaji. Kwa mashine hii ingekuwa kulipia nguvu ambayo haitatumika kamwe.

Tangu niifunge, kompyuta haijajizima hata mara moja wakati wa kazi, pamoja na usiku kadhaa niliouacha mradi ukiendelea hadi asubuhi. Kwa mji wenye joto kama huu, nilizingatia pia kwamba Corsair wanahesabu wati hizo 850 kwa halijoto ya nyuzi 50, na kwamba kapasita zake (vipuri vya ndani vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi) ni za Kijapani zenye kustahimili nyuzi 105. Feni ya milimita 135 husimama kabisa mzigo unapokuwa mdogo. Ninapoandika barua au kupitia michoro siisikii, na mzigo unapokuwa mkubwa sauti yake humezwa na ya kadi ya picha.

Cheti chake cha 80 PLUS Gold kinahitaji maelezo, kwa sababu wauzaji wengi hukitaja kana kwamba ni kipimo cha ubora wa kila kitu. Kinachopimwa ni kiasi cha umeme kinachopotea kama joto. Kwa daraja la Gold, pawa saplai inayobeba nusu ya mzigo wake hufikisha angalau asilimia 90 ya umeme unaoingia. Kwa mzigo wangu wa wati 540 hiyo ni takriban wati 600 kutoka ukutani, ilhali pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 75 ingechota wati 720. Tofauti ya wati 120, kwa saa sita kila siku na siku 26 za kazi, inakaribia uniti 19 kwa mwezi. Kwa anayelipia umeme wake kwa luku, hilo ni jambo la kuwekwa kwenye hesabu ya bei.

Nyaya zake zote huchomolewa, jambo linalorahisisha upangaji ndani ya kasha, lakini ningependa kila mnunuzi azingatie onyo hili: usiazime waya wa pawa saplai nyingine, hata kama plagi inaingia vizuri. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana kati ya watengenezaji, na kosa moja linaweza kuunguza diski zako zote. Anayenunua iliyotumika ahakikishe kwamba nyaya zake za asili zipo. Vilevile, kadi yangu ina matundu mawili ya pini nane, nami nimeyapelekea nyaya mbili tofauti badala ya kutumia waya mmoja wenye vichwa viwili, ili mzigo ugawanyike.

Umeme unapokatika, pawa saplai yoyote hushikilia kompyuta kwa muda mfupi mno, kwa hiyo UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme unapokatika, ni ya lazima. Chagua UPS inayotoa wimbi kamili la umeme, kwa sababu baadhi ya zile za bei nafuu zenye wimbi la kuiga hazipatani na pawa saplai za aina hii, na kompyuta inaweza kuzimika wakati uleule ulioinunulia UPS. Ukubwa wake pia uendane na wati unazochota ukutani.

Kwa anayeunda kompyuta sasa na kukusudia kuweka kadi mpya zaidi, toleo nililonalo lina upungufu mmoja: lilitoka kabla ya muongozo wa ATX 3.0 wa mwaka 2022, unaozitaka pawa saplai zivumilie kwa mikrosekunde 100 mruko wa uchotaji umeme unaofika mara mbili ya wati zake. Waya wa pini 16 unaotumiwa na kadi hizo huuzwa kando na Corsair, ila mimi ningelipia toleo la 2024, ambalo linafuata ATX 3.1 na huja na waya wa 12V-2x6, muundo wa muunganisho uliorekebishwa baada ya baadhi ya plagi za RTX 4090 kuyeyuka. Waranti ni ya miaka 10. Mwulize muuzaji, kabla ya kulipa, kama ataishughulikia yeye mwenyewe hapa nchini, na risiti uipige picha siku hiyohiyo kwa sababu karatasi zake hufutika.