Bonanza bila wimbo wa Bonanza, mnatuuzia nini?

Mnisamehe, naandika hasira hazijapoa. Bonanza ni ile tamthilia ya zamani ya Marekani ya wachunga ng'ombe. Mwanzoni ramani ya ranchi ya Ponderosa inatokea, moto unashika katikati, unaila, halafu mwenye ranchi, Ben Cartwright, na wanawe wanakuja na farasi. Aliyewahi kuiona Bonanza anajua gitaa gani linaingia hapo. Kwenye DVD hii linaingia jingine kabisa, kigitaa cha tangazo la sabuni!

Sababu naijua. Baadhi ya vipindi vya miaka ya mwanzo hakimiliki yake Marekani haikuhuishwa, kwa hiyo yeyote anavidurufu na kuviuza. Wimbo wa Jay Livingston na Ray Evans ndio una wenyewe. Wachapishaji wa bei poa hawataki kulipa, wanaung'oa na kubandika wa kwao. Basi andikeni kwenye kava!

Nikairudisha dukani, Kariakoo. Kijana hata macho hakutoa kwenye simu.

"Mzee, picha si inaonekana?"

Nikamweleza kwamba muziki sio wenyewe.

"Sasa mzee wangu, ulinunua sinema au ulinunua taarabu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Pole hakuna, kubadilishiwa hakuna. Shikamoo yenyewe sikupewa.

Na hiyo picha anayojivunia? Bonanza ilipigwa kwa rangi tangu 1959, maana kituo kilichoirusha, NBC, kilikuwa mali ya kampuni ya RCA, na RCA walikuwa wanauza televisheni za rangi. Humu majani ya Ponderosa yamegeuka kahawia, na Little Joe, kitinda mimba wa Ben, uso mwekundu kama kapigwa. Nyota moja, tena kwa shingo upande.

Ila ngoja. Usiku ule ule nimeimaliza diski nzima. Akiingia Hoss, mtoto wa kati wa Ben, na lile kofia lake refu, jitu zima linaona haya mbele ya binti mdogo, hasira inakwenda wapi sijui. Dan Blocker, aliyemcheza Hoss, alikuwa haigizi yule, alikuwa anaishi. Mama watoto akaniuliza, "Si ulisema ni takataka?" Nikanyamaza, mpishi wao Hop Sing alikuwa anagomba jikoni.

Haya, nyota mbili. Tatu, ukibana sauti pale mwanzoni na kuimba mwenyewe. Mwenye uwezo atafute zile seti rasmi za msimu mmoja mmoja, wimbo umo. Kwa yule kijana mimi sirudi, hata akianza kuzigawa bure.