Duka la kuhamisha kaseti za VHS hapa Mombasa: mkono wa fundi safi, adabu ya duka bado

Kama una kaseti za video za zamani kabatini na unaishi hapa kwetu Mombasa zitoe mapema, hii hewa ya chumvi na joto haina huruma na kanda. Duka ninalolisema liko kwenye vichochoro vya nyuma ya Digo Road, ni studio ya kawaida tu, mbele wanapiga picha za pasipoti na kulaminati vitambulisho, ndani kabisa nyuma ya pazia ndiko aliko fundi wa kuhamisha VHS kuingia kwenye kompyuta. Jina lao silitaji kwa sababu nina malalamiko mawili na sitaki kesi na mtu. Nyota tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya fundi peke yake.

Kaseti yenyewe si ya harusi wala ya Maulidi. Ni video ya kufundisha wafanyakazi wapya wa supamaketi moja tuliyofanya kazi enzi hizo, nayo ilikufa kama zilivyokufa nyingine, maanake Kenya hii tumeziona zikianguka kubwa kubwa, Nakumatt yenyewe wadai walipiga kura ifungwe Januari 2020, Tuskys nao wakazimika, sasa hii yetu ilikuwa ndogo kuliko hizo zote na hakuna gazeti lililoililia. Tawi lilipofungwa madalali walibeba friza, shelfu, mizani ya nyama, mpaka TV ya stoo na deki yake. Kaseti ikawa haijulikani iliko. Kwenye grupu letu la WhatsApp la waliokuwa wafanyakazi kila mtu ana lake, huyu aapa iko hedikota Nairobi, yule asema ilichomwa, kumbe siku zote iko kwa Bi Rehema, supavaiza wetu, chini ya cherehani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki wa supamaketi hiyohiyo! Ule mfuko peke yake ni makumbusho, maanake plastiki zilipigwa marufuku Agosti 2017.

Haya, kazi ilivyokwenda. Tumefika, fundi hakuitia kwenye deki. Aliishika, akainua kile kifuniko cha mbele, akaielekeza kwenye taa akatuonyesha pembeni ya kanda kuna kama unga mweupe. Ukungu.

"Hii nikiipiga hivi ilivyo itachafua hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma kanda, na ukungu wake utahamia kaseti ya mwingine," akasema.

Bi Rehema akamkazia macho. "Mwanangu, hiyo kanda ikikatika je?"

"Mama, haikatiki. Na ikikatika twaiunga, utapoteza kipande kidogo hata hutakijua."

Akaigeuza, akafungua skrubu tano za chini mbele yetu, akatoa zile roli mbili na kuzihamishia kwenye ganda jingine safi la kaseti ya harusi iliyokwisha kufa, halafu akawa anaizungusha polepole kwa mkono huku kanda inapita kwenye kitambaa laini, na kila baada ya muda anakikunja upande msafi. Mikono haina haraka. Barakoa amevaa, na dirisha amefungua kwanza, maanake ule unga si wa kuvuta kifuani. Mimi hapo ndipo nilipojua huyu mtu anaijua kazi yake, maana kuna maduka mengine wao wachomeka tu, deki ikianza kukwaruza wakwambia kaseti yako mbovu.

Bei watu mtalalamika, nilimsikia jamaa mmoja pale akisema ni wizi. Si wizi. Deki za VHS hazitengenezwi tena, kampuni ya mwisho ilikuwa Funai ya Japani na waliacha 2016, kwa hivyo kila deki unayoiona inaishi kwa vipuri vya deki iliyokufa. Tena kazi yenyewe haina njia ya mkato, kaseti ya saa moja yachukua saa moja kuhama, mtu akikwambia atakufanyia kaseti kumi kabla ya adhuhuri muulize ana deki ngapi.

Sasa malalamiko. La kwanza, tulipoletewa kazi tukafungua kwenye laptopu ya mpwa wangu, chini ya video kuna namba ya simu ya duka inatembea kutoka kulia kwenda kushoto mwanzo mpaka mwisho kama tangazo la kifo kwenye TV. Mwanzo mpaka mwisho bana! Na juu ya hapo wamepitisha programu ya kung'arisha picha, ile ya akili bandia, nyuso zote zimekuwa laini kama za sanamu za dirishani, yule keshia wetu mwenye chale shavuni amekuwa hana chale, na maandishi ya bei kwenye shelfu yamegeuka alama ambazo si herufi wala si namba. Picha ya VHS ni hafifu tangu kuzaliwa, hiyo programu hairudishi kitu kilichokuwepo, inabuni. Nikarudi nikaomba ile ghafi, yaani faili kama ilivyotoka kwenye deki kabla ya kuguswa, kijana wa kaunta akaanza kunizungusha, mara imefutwa, mara mwenye duka hayupo, mpaka fundi mwenyewe akatoka nyuma ya pazia akasema iko, mpe. Kwa hivyo nyinyi mkienda semeni tangu mwanzo, nataka ghafi, bila namba, bila kung'arishwa.

La pili ndilo limenichoma zaidi. Kabla hata sisi hatujaiona, kipande chake kilikuwa kwenye statasi ya duka na maneno "kazi kali za studio". Watu wamo mle na nyuso zao, wengine wameshatangulia mbele ya haki, wengine wana kazi zao za heshima leo. Sheria ya kulinda data iko tangu 2019 na uso wa mtu ni data yake, hukuulizwa hukukubali. Bi Rehema ndiye aliyepiga simu, hakupandisha hata sauti, alisema tu "mwanangu hiyo itoe sasa hivi, nakusubiri kwenye laini", ikatolewa.

Na sasa mtaniuliza video yenyewe ikoje. Jamani ni tamu. Haina tarehe popote lakini ukiiangalia vizuri inajisema yenyewe: keshia anafundishwa kukagua noti ya elfu, anaiinua kwenye mwanga kutafuta kile kichwa cha simba kilichofichwa ndani ya karatasi, na noti ni ile yenye picha ya Moi iliyoanza 1994. Hakuna anayetaja M-Pesa, kwa hivyo yaelekea ni ya kabla ya 2007 ilipoanza. Kila kitu kinaingia kwenye plastiki, sabuni mfuko wake, mkate mfuko wake, mafuta ya taa hata hayasogezwi karibu na unga, na mpakiaji anafundishwa kuweka mfuko ndani ya mfuko bidhaa zikiwa nzito. Ukikumbuka mitaro yetu ya Majengo ilivyokuwa unajua ile mifuko iliishia wapi.

Kipande cha barkodi mimi naona hata leo chafaa. Skana ikigoma unaandika zile namba 13 kwa mkono, na mwalimu anaeleza ya mwisho kabisa ni ya kuhakikisha, inapigiwa hesabu kutoka kwa zile 12 za mbele, ukikosea tarakimu moja mashine inakataa. Nilikaa kwenye tili miaka na ile mashine ikinilia nilidhani ina chuki na mimi. Kipande cha maziwa nacho kizuri, mapya yakae nyuma, ya zamani yakae mbele, ingawa kila mama wa Kongowea ajua kupitisha mkono mpaka mwisho wa shelfu achukue ya nyuma.

Mwalimu mwenyewe ni jamaa wa tai ndefu, Kiswahili chake cha bara kabisa, "mteja akikuja umusalimie", na sisi pale stoo tumekaa kwenye kreti za soda tunajiuma midomo.

Lakini kuna kile kipande cha wizi, na hicho ndicho kilichoiua video hii huku pwani. Wanaonyesha mwizi wa dukani, na mwizi wamemvisha buibui. Kamera inamfuata kutoka nyuma, maziwa ya kopo yanaingia chini ya kitambaa, mlinzi anafundishwa kusimama karibu na "mteja wa aina hii". Aina gani? Nusu ya wanawake mle stoo wamevaa buibui juu ya yunifomu wakisubiri kwenda nyumbani. Bi Rehema alisimama siku hiyohiyo akaizima, akamwambia meneja kama hiyo ndiyo aina basi mimi supavaiza wako ni wa kwanza, anza kunisachi mimi. Meneja alikuwa mtu wa aibu, akaagiza isionyeshwe tena tawi letu, Bi Rehema akaichukua akaifungia kwenye kabati lake ili asije mwingine akaiweka. Kwa hivyo haikupotea, ilifichwa, na aliyeificha alikuwa na haki.

Kwenye grupu sasa kuna vita, wengine wataka iwekwe YouTube nzima, wengine wasema kile kipande kikatwe. Kwangu mimi kisikatwe, kampuni ilifundisha vile na ionekane ilifundisha vile, ila nyuso za wafanyakazi zizibwe kwanza na kila aliye hai aulizwe. Bi Rehema amesema kaseti ni yake na yeye bado anafikiria, na hakuna aliyethubutu kumjibu.

Mkienda: Ijumaa wafunga saa sita mpaka baada ya swala, pa kuegesha gari hakuna, teremkeni Digo Road mtembee. Mtakeni fundi wa ndani, si kijana wa kaunta. Faili ghafi ya kwetu ilikula karibu GB 13 kwa saa moja, na flashi nyingi zaja na mpangilio wa FAT32 usiokubali faili moja kupita GB 4, ndio maana ya kwetu walitaka kuibana mpaka ikawa kama imepigwa picha chini ya maji, mwambieni aifomati flashi kwanza kwa exFAT, mpangilio unaokubali faili kubwa. Na flashi nendeni nayo yenu, zile zinazouzwa pale kaunta zimeandikwa 64 na ndani hamna hata 8.