Tathmini: Programu ya Modeli ya Lee, maabara ya plazma ndani ya faili la Excel

Mhadhiri wa fizikia au wa uhandisi wa umeme hapa Uganda akitaka kufundisha plazma (gesi ya moto inayopitisha umeme) kwa vitendo, kikwazo cha kwanza ni mashine. Programu ya modeli ya Lee inapunguza kikwazo hicho kuliko kitu kingine chochote cha bure tunachokijua, na tunaipendekeza kwa dhati. Ila ina sharti moja: thamani yake iko kwenye kuoanisha mkondo wa umeme uliokokotolewa na mkondo uliopimwa. Anayeruka hatua hiyo akakimbilia idadi ya neutroni atapata namba za kupendeza zisizo na maana.

Programu inaiga mashine iitwayo plazma fokasi. Kapasita inachajiwa kwa kilovolti kadhaa, swichi inafungwa, na umeme unaruka kati ya anodi ya katikati na kathodi za pembeni ndani ya gesi nyepesi. Pazia la plazma linasukumwa na nguvu ya sumaku ya mkondo wenyewe hadi ncha ya anodi, kisha linaporomokea katikati na kubanwa kuwa uzi mwembamba wenye joto la mamilioni ya nyuzi. Kwenye deuteriamu, yaani hidrojeni nzito, hutoka neutroni, kwenye neoni hutoka eksirei laini.

Nyuma ya faili hili kuna kazi ya miaka mingi ya Profesa Sing Lee, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Malaya na baadaye Nanyang, Singapore. Mwaka 1985–86, Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa (UNU) na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoko Trieste, Italia, vikishirikiana, wanasayansi wa Asia na Afrika walikutana Kuala Lumpur wakajifunza kuunda mashine ndogo ya kilojuli 3, UNU/ICTP PFF. Mashine za aina hiyo zikafika nchi kama Pakistan, Misri na Zimbabwe. Mwaka 1988 ikazaliwa AAAPT, chama cha Asia na Afrika cha mafunzo ya plazma. Modeli ilikua sambamba na mashine hizo, na inaonekana: kila namba unayoingiza ni kitu ambacho fundi anaweza kukishika au kukipima.

Kuisimika si kazi kubwa. Ni faili moja la Excel lenye makro (programu ndogo zinazojiendesha ndani ya faili), linalotolewa bure na Institute for Plasma Focus Studies. Kinachosumbua wengi ni Windows kuzifunga makro kwa sababu faili limetoka kwenye intaneti. Funga Excel, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, weka tiki kwenye Unblock, fungua upya na uruhusu makro. Excel ya simu haifai maana haiendeshi makro, na LibreOffice tusingeitegemea. Hifadhi nakala safi pembeni kabla ya kugusa namba yoyote. Ukishapakua, bando halihitajiki tena, na umeme ukikatika darasa linaendelea hadi betri za laptopu ziishe.

Anza na UNU/ICTP PFF yenyewe. Vipimo vya saketi na mirija: induktansi L0 nanohenri 110, kapasitansi C0 mikrofaradi 30, nusu kipenyo cha kathodi b sentimita 3.2, cha anodi a sentimita 0.95, urefu wa anodi z0 sentimita 16, ukinzani r0 miliomu 12. Vigezo vinne vya modeli ni sehemu ya gesi inayozolewa na pazia (fm) na sehemu ya mkondo inayopita ndani yake (fc) linapokimbia kando ya anodi, kisha hivyo hivyo linapoporomokea katikati (fmr na fcr): fm 0.08, fc 0.7, fmr 0.16, fcr 0.7. Uendeshaji: kilovolti 14, shinikizo la Torr 3.5 za deuteriamu, yaani uzito wa molekuli 4, namba ya atomi 1, na atomi 2 kwa molekuli. Bonyeza Ctrl na A, ndiyo “kufyatua risasi”.

Kabla ya kuamini grafu, wanafunzi wakokotoe kwa mkono. Mzizi wa L0 gawanya kwa C0 unatoa takriban miliomu 61, kwa hiyo, kilovolti 14 zikigawanywa kwa hizo, bila plazma na bila ukinzani mkondo ungefika kiloampea 231. Programu itatoa kilele cha chini zaidi, karibu 170, kwa sababu ukinzani na pazia linalokimbia vinakula sehemu ya volti. Robo ya mzunguko ni mikrosekunde 2.85. Pazia linahitaji muda wa karibu hivyo hivyo kukata sentimita 16, na hapo ndipo mwanafunzi anaelewa kwa nini anodi ina urefu ule: plazma ifike nchani mkondo ukiwa kileleni. Kisha akokotoe kipimo cha msukumo wa pazia: agawanye kilele cha mkondo, 170, kwa nusu kipenyo cha anodi, 0.95, na jibu aligawanye kwa mzizi wa shinikizo, 3.5. Atapata kama 96, karibu na 90 ambayo hujirudia kwenye mashine nyingi za deuteriamu, ndogo kwa kubwa, zinapofanya kazi vizuri. Apandishe shinikizo hadi Torr 15 aone pazia likichelewa na mbano ukififia.

Kuna kosa la kuingiza ambalo hujirudia sana. Mtu anaandika uzito wa deuteriamu 2 badala ya 4. Gesi inakuwa nyepesi nusu, pazia linakwenda kasi mno na bonde kwenye mkondo (pale unaposhuka ghafla plazma inapobanwa) linatokea mapema. Mtu anaanza kuhangaika na fm wakati ugonjwa uko kwingine. La pili ni shinikizo: geji nyingi husoma milibari, na Torr 3.5 ni milibari 4.67. Kwa Kampala ongeza tahadhari hii: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo geji inayopima tofauti na hewa ya nje, iliyosawazishwa kwa hewa ya pwani, itakudanganya kwa zaidi ya milibari 100. Tumia geji ya shinikizo halisi.

Kuoanisha ndiko kiini. Chukua mkondo uliopimwa kwa koili ya Rogowski (koili inayozungushiwa njia ya mkondo ili kuupima), uweke kando ya ule wa programu. Mwanzo wa mpando ukikataa kulingana, usiguse fm. Angalia L0, sawazisho la koili, na sifuri ya muda. Mpando ukikaa sawa, rekebisha fm na fc hadi kilele na mahali bonde linapoanzia vilingane. Bonde la programu likichelewa, punguza fm. Mwisho kabisa gusa fmr na fcr, ili mteremko na kina cha bonde vikae. Badilisha kigezo kimoja kwa wakati mmoja, na uandike kila badiliko.

Hapa ndipo udhaifu mkubwa unapojitokeza, na unaigusa hasa mashine tuliyoanza nayo. Toleo la kawaida la programu, linalogawa mwendo wa plazma katika awamu tano, huoanisha vizuri mashine za induktansi ndogo. Kwenye mashine za nanohenri 100 na zaidi, bonde lililopimwa hushuka chini kuliko lile la modeli, kwa sababu baada ya mbano plazma huvurugika na kuleta ukinzani usio wa kawaida ambao awamu tano hazina. Usilazimishe fmr na fcr kuziba pengo hilo. Oanisha sehemu ya kwanza ya bonde tu, au tafuta toleo la awamu sita. Pia neutroni hukokotolewa kwa fomula iliyosawazishwa na vipimo vya maabara, basi zichukuliwe kama kiwango cha ukubwa, si hesabu kamili.

Anayefikiria kuunda mashine yenyewe ajue gharama haiishii kwenye kapasita, pampu na mtungi wa gesi. Deuteriamu hutoa neutroni za MeV 2.45, na hilo linakupeleka kwa Atomic Energy Council, chombo cha Uganda kinachodhibiti mionzi, chini ya sheria ya 2008, kabla ya risasi ya kwanza. Argoni ni mwanzo mpole zaidi, ingawa eksirei bado zipo.

Kwa mwanafunzi wa uzamili, oanisho moja lililofanywa kwa uangalifu linatosha kufungulia mazungumzo na wenye mashine nje ya nchi: wao wana data ya mkondo, wewe unawarudishia vigezo na maelezo ya kilichotokea ndani ya mirija. Trieste ni mbali, lakini taasisi mshirika wa ICTP, EAIFR, iko Kigali, safari ya basi kutoka Kampala, na inafundisha fizikia hadi shahada ya uzamivu. Ukiwaandikia, ambatisha grafu yenye mikondo yote miwili pamoja na vigezo vyote, hata kama bonde halijakaa sawa.