Karanga, korosho na chokoleti nyeusi: nimeziweka kwenye mizani

Haya jamani, mnaiona hii mizani? Ndiyo ile ya kupimia unga wa keki, leo ina kazi nyingine. Naweka kibakuli, narudisha kwenye sifuri, namimina karanga mpaka isome gramu 30. Tazameni: kiganja kimoja tu, tena kiganja changu mimi, siyo cha fundi ujenzi. Korosho za gramu 30 nilizihesabu kabla ya kuwasha kamera, zimefika 21. Na hii hapa ni chokoleti nyeusi, kakao asilimia 75, baa ya gramu 100 yenye vipande 10, kwa hiyo nakata vitatu.

Nimepima hivi makusudi. Mitandaoni wanakulinganishia gramu 100 kwa gramu 100, kana kwamba kuna mtu anakaa chini na kumaliza baa nzima. Sawa, wapo. Mimi nimo. Ila leo tujifanye tuna nidhamu.

Chanzo cha yote haya ni dada mmoja aliyeniandikia baada ya ile video ya karanga: "Dada, unatuhangaisha na karanga za nini wakati chokoleti nyeusi ina madini chuma kuliko maini?" Nikacheka. Halafu nikaenda kutazama, kicheko kikaisha. Kwenye majedwali ya chakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo nitakayoyatumia leo, chokoleti yenye kakao asilimia 70 hadi 85 ina karibu miligramu 12 za chuma kwa gramu 100. Maini ya ng'ombe yaliyopikwa yana 6.5 hivi. Kwenye karatasi, dada kashinda.

Sasa ngoja. Sehemu ya chuma cha kwenye maini ni ya aina ile ya kwenye damu, na hiyo mwili unaidaka kirahisi. Chuma cha kwenye mimea mwili unakipata kwa shida, na kakao imejaa polifenoli, yale mambo yanayoipa uchungu wake, ndugu wa yale yaliyomo kwenye chai ya rangi. Mnakumbuka kliniki wanavyowaambia wajawazito wasimeze vidonge vya chuma kwa chai? Ni jambo lile lile. Chuma kinashikwa humo tumboni, kinapita, kinatoka. Na nisiwe mnafiki: karanga na korosho nazo zina fiteti, kitu cha asili kilichomo kwenye mbegu, nacho kinakishika. Kwa hiyo aliyeambiwa ana upungufu wa damu asiondoke hapa akakimbilia chokoleti, wala karanga. Vidonge alivyopewa avimeze, ale nyama na dagaa, na mboga za majani azikamulie ndimu.

Tuje kwenye mizani. Nguvu kwanza, zile kalori. Vyote vitatu ni ndugu: gramu 30 za korosho kalori 166, karanga 170, chokoleti 179 hivi. Anayekwambia chokoleti nyeusi haineneshi, muulize anauza nini. Lakini kuna kitu kimoja kuhusu njugu za kutafuna, yaani karanga, korosho, lozi na jamii hiyo, nakipenda sana. Mwaka 2012 watafiti wa wizara hiyo hiyo ya Marekani waliwalisha watu lozi nzima, wakapima walichokula na walichokwenda kukitoa chooni, ndiyo, kazi za watu hizo, wakaona mwili ulipata kalori 129 tu kwa gramu 28, wakati hesabu ya kawaida ingesema 170. Meno hayasagi kila kitu, mafuta mengine yanabaki yamefungiwa ndani ya vipande na kutoka navyo. Chokoleti haina bahati hiyo. Inayeyuka ulimini, yote inaingia.

Protini. Hapa ndipo karanga inapovua shati. Kiganja hiki kina karibu gramu 8, yai moja lina kama 6. Korosho 5 na nusu. Chokoleti 2 na kidogo. Na hii ndiyo sababu bibi zetu walitwanga karanga wakaunga mchicha na kisamvu. Hakuna aliyewahi kuunga kisamvu kwa chokoleti.

Nyuzinyuzi zimenishangaza. Nilitegemea korosho iko juu, kumbe ina gramu 1 tu kwenye kiganja! Karanga 2.6. Chokoleti, shikeni viti, zaidi ya 3. Kwa hiyo hapo chokoleti nyeusi imeichapa korosho ya Mtwara mchana kweupe, na nimeumia kidogo kusema hivyo. Korosho inajitetea kwa magnesi: miligramu 88, wakati chokoleti ina 68 na karanga 50. Mwanamke mzima anahitaji kama 320 kwa siku, kwa hiyo kiganja cha korosho kimeshakupa zaidi ya robo. Zinki pia korosho iko vizuri.

Mafuta yanayoganda ndiyo doa la chokoleti. Vipande hivi vitatu vina gramu 7 na zaidi, karanga hazifiki 2, korosho 2 na kidogo. Nitamtetea mshtakiwa kidogo: karibu theluthi ya mafuta ya kakao ni asidi steariki, ambayo haipandishi kolesteroli mbaya kama mafuta mengine yanayoganda. Ila bado kuna asidi palmitiki humo, na hiyo inapandisha. Sukari ni gramu 7, vijiko vidogo viwili visivyojaa. Siyo mwisho wa dunia.

Lakini hiyo ni baa hii. Ukigeuza pakiti, ile asilimia ya kakao inamaanisha kakao pamoja na mafuta yake, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni sukari. Baa ya asilimia 50 inaweza kuwa karibu nusu sukari na bado ikaitwa nyeusi. Na kama kwenye orodha ya viambato wameandika kwamba kakao imepitishwa kwenye alkali, jua flavanoli, zile zinazosifiwa kwa mishipa ya damu, nyingi zimepotea. Rangi inazidi kuwa nyeusi, faida inapungua. Weusi wa chokoleti usikudanganye.

Na yule kaka aliyesema mama mkwe wake kaacha korosho kwa sababu zina kolesteroli: hazina. Kolesteroli inatoka kwa wanyama. Mrudishie mama korosho zake, zisizo na chumvi kama presha inamsumbua. Wanaouliza kuhusu karanga mbichi, nazi na mihogo mbichi kwa ajili ya mambo ya ndoa, hiyo video siifanyi, msinichokoze.

Utafiti je? Hispania walifuatilia watu zaidi ya 7,000, wengine wakipewa gramu 30 za njugu kila siku pamoja na vyakula vya Mediterania, na waliopewa walipata kiharusi na magonjwa ya moyo kidogo kuliko walioshauriwa kupunguza mafuta. Ila zile zilikuwa jozi, lozi na hazelnati, siyo karanga wala korosho. Marekani nako watu zaidi ya 21,000 walipewa flavanoli za kakao miligramu 500 kwa siku, na matokeo ya 2022 hayakuonyesha kupungua kwa uhakika kwa matatizo ya moyo kwa ujumla, ingawa vifo vya moyo na mishipa vilikuwa vichache. Lakini walimeza vidonge! Hakuna aliyekula chokoleti. Kwa hiyo kilichopo mezani kwangu leo hakimo kwenye utafiti wowote kati ya hizo mbili.

Sasa sogeza kamera hapa, hili ndilo nililotaka mlione. Chokoleti hii ina weupe-weupe juu, kama unga. Nilipoifungua mdogo wangu akasema itupe, imeota ukungu. Siyo ukungu. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na joto la Dar mnalijua, kwa hiyo yameyeyuka njiani, yakapanda juu, yakaganda tena. Ladha imepungua, ila haina madhara.

Karanga hizi, kinyume chake, zinapendeza, na ndizo zinazoniogopesha. Sumukuvu inatokana na kuvu wanaoingia karanga zikiwa bado shambani au zikianikwa vibaya na kuwekwa na unyevu, na unaweza usione kitu kwa macho. Kukaanga kunaipunguza, hakuimalizi. Inaharibu ini, na mtoto anayekula uji wa lishe wenye karanga kila siku anaipata kidogo kidogo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kidogo mno kupima kwa jicho. Mimi nanunua karanga nzima, sinunui zilizosagwa tayari, kwa sababu huwezi kujua zilikuwaje. Nyumbani nazimwaga kwenye ungo: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa, nje. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme, usiimeze kwa aibu ya wageni. Na watoto wadogo chini ya miaka 5 msiwape nzima, zinakaba.

Bei sasa. Baa hii ningeiacha dukani ningepata karanga kilo mbili na chenji ikabaki. Kinachoniuma ni kwamba kakao inalimwa Kyela, inaondoka kama mbegu, halafu tunaiona tena supamaketi imevaa karatasi ya dhahabu. Korosho nayo nyingi inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Haya, tusiingie huko.

Ukiniuliza kama chakula, nachukua karanga zilizochambuliwa, siku yenye hela nachanganya na korosho. Chokoleti naila kwa sababu ni tamu, kipande kimoja au viwili baada ya chakula cha mchana. Usiku hapana, vipande vitatu vina kafeini kama robo ya kikombe cha kahawa na mimi usingizi wangu ni wa kubembeleza. Na nisiposema nitakuwa mchoyo: kipande kimoja cha hii ukikitafuna pamoja na korosho tatu zilizokaangwa... subiri... mmh.

Nipigieni picha nyuma ya pakiti za chokoleti mnazonunua huko mliko, orodha ya viambato ionekane vizuri, nitazisoma video ijayo. Nazima kamera, hii iliyobaki inaanza kulainika na friji iko mbali.